Jemadari Aliyepoteza Sikio Wakati wa Amani: Maisha ya Lodi Wellington

Katika habari za watu mashuhuri wa zamani, safari hii tunawaletea maisha ya Arthur Wellesley, ambaye dunia inamjua kwa jina la Lodi Wellington. Vitabu vya historia tulivyovitumia darasani vilimtaja kwa jambo moja tu, kwamba ndiye aliyemshinda Napoleon huko Waterloo mwaka 1815, kisha vikafungua sura nyingine. Lakini mtu huyu aliishi miaka 37 baada ya siku ile, na 30 katika hiyo aliishi sikio lake moja likiwa limekufa. Habari za sikio hilo ndizo tunazotaka kuzieleza leo, maana zinawahusu askari wastaafu wa nchi zote, na baadhi yao tunakaa nao benchi moja kanisani kila Jumapili.

Arthur alizaliwa Ireland mwaka 1769, katika nyumba ya wenye cheo na ya Waanglikana. Nyumba hiyo ilikuwa pia nyumba ya muziki. Baba yake, Lodi Mornington, alikuwa mtungaji wa nyimbo na profesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Dublin. Moja ya tuni alizotunga za kuimbia zaburi iliingia katika vitabu vya nyimbo vya Kianglikana, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake, Mornington. Mtoto naye alirithi kipaji hicho. Alipiga fidla vizuri, na huenda hicho ndicho kitu pekee alichokifanya vizuri utotoni, kwa kuwa katika shule ya Eton hakung'aa hata kidogo. Baba yake alifariki mwaka 1781. Mama yake alimwona kijana mzito asiye na matumaini, akaamua kwamba hafai kwa lolote ila jeshi. Akapelekwa kusoma Angers, Ufaransa, na mwaka 1787, hata miaka 18 hajatimiza, akaingia jeshini.

Mwaka 1793 alifanya jambo la ajabu. Aliona muziki unampotezea wakati wa kujifunza kazi ya uaskari, basi akaichukua fidla yake akaichoma moto. Tangu hapo alijitoa kwa jeshi moja kwa moja. Kijana aliyelelewa kati ya zaburi na nyuzi za fidla akageuka kuwa mtu wa baruti na mizinga.

Alikwenda India mwaka 1797 akakaa huko miaka minane. Alikuwamo katika vita vya Seringapatam mwaka 1799, na mwaka 1803 aliongoza jeshi dogo kulishambulia jeshi kubwa la Wamaratha mahali paitwapo Assaye. Adui walikuwa na mizinga mingi kuliko yake, na farasi wawili walipigwa chini yake siku ile ile. Aliporudi Ulaya akatumwa Ureno na Hispania kupigana na majeshi ya Napoleon, na vita hivyo vilidumu tangu 1808 hata 1814. Kwa ushindi wake alipewa cheo cha Duke, kilicho juu kuliko vyeo vyote vya malodi wa Uingereza. Kisha ikaja Waterloo, siku ya Jumapili, tarehe 18 Juni 1815. Mizinga ya pande mbili ilizidi mia tatu, na ilinguruma tangu karibu na adhuhuri mpaka jioni. Maofisa waliokuwa karibu naye walikufa au walikatika viungo. Yeye alitoka mzima.

Hebu tufikiri kidogo juu ya ngurumo hizo. Katika siku zile hapakuwa na kifaa chochote cha kulinda masikio ya askari. Mabaharia wa merikebu za vita walijifunga vitambaa kichwani kuziba masikio yao, wakapiga mizinga hivyo hivyo. Aliyekatwa mguu alihesabiwa kuwa majeruhi, na jina lake likaandikwa. Aliyerudi kwao akiwa hasikii vizuri aliambiwa ni mzima, ashukuru. Jeraha la sikio halitoi harufu, halifungwi bendeji, wala halimfanyi mtu achechemee. Kwa sababu hiyo watu hawaliamini.

Baada ya vita, mwishoni mwa mwaka 1818, Wellington alifanywa msimamizi mkuu wa mizinga na silaha za Uingereza. Kazi hiyo ilimpasa kwenda kutazama silaha mpya zikijaribiwa. Mwezi wa Agosti mwaka 1822, akiwa na umri wa miaka 53, alikuwa amesimama karibu na mzinga mmoja wa aina fupi, ule unaorusha kombora juu. Mzinga ukalipuka kwa kishindo karibu na sikio lake la kushoto. Hapakuwa na adui, hapakuwa na vita, wala hapakuwa na damu ya kutisha. Lakini tangu saa hiyo sikio likawa linavuma, na maneno ya watu hayakuliingia sawasawa.

Kama walimu tunaomba ruhusa ya kueleza sikio lilivyo, kwani bila hilo hatuwezi kuelewa yaliyofuata. Sikio lina sehemu tatu. Ya kwanza ni hii tunayoiona pamoja na tundu lake, na mwisho wa tundu hilo kuna kiwambo chembamba kama ngozi ya ngoma. Sehemu ya pili iko nyuma ya kiwambo. Humo mna mifupa mitatu midogo sana, mmojawapo ukiwa mdogo kuliko mifupa yote ya mwili, nayo hupokea mtikisiko wa kiwambo na kuupeleka ndani. Sehemu ya tatu ni chombo kilichojikunja kama konokono, kimejaa maji, na ndani yake mna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Pembeni mwa konokono huyo pana kiungo kingine kinachotuwezesha kusimama na kutembea bila kuyumba.

Kishindo cha silaha chaweza kupasua kiwambo. Hilo ni baya, lakini mara nyingi kiwambo hujiponya chenyewe. Baya zaidi ni kwamba kishindo huvunja zile chembe za ndani, nazo kwa binadamu hazioti tena. Wataalamu hupima ukubwa wa sauti kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Sauti ipitayo 85, mtu akikaa nayo saa nyingi kila siku, huanza kuumiza. Mlio wa bunduki hupita 140, na mlio mmoja tu waweza kutosha. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, na kwa hiyo herufi kama s, f, sh na t hufifia. Mtu husikia kwamba anasemeshwa, ila hajui ameambiwa saa au faa, taka au saka. Ndiyo maana mzee wa namna hiyo hulalamika kwamba watu siku hizi wananong'ona, na watu nao humwona mkaidi anayesikia anapotaka. Wote wawili wamedanganyika.

Basi Lodi Wellington alifanya alivyofanya katika kila jambo. Hakungoja. Aliita mganga wa masikio aliyesifiwa sana London. Tukumbuke kwamba elimu ya masikio ilikuwa changa mno siku zile, na wengi waliojiita mabingwa wake walikuwa wakibahatisha. Mganga huyo akachukua dawa kali ya kuunguza akaimimina ndani ya sikio lililoumia. Mgonjwa, ambaye alikuwa amevumilia miaka mingi ya vita, alipatwa na maumivu ambayo hakuwahi kuyajua maishani. Hata hivyo hakupiga kelele. Alikwenda kulala, na kulala hakukuwezekana.

Kesho yake daktari wake wa siku zote, John Hume, aliyefuatana naye tangu vita vya Hispania, alipita nyumbani kwake. Alimkuta Lodi ameketi hajanyoa ndevu, macho mekundu, mashavu yanawaka. Aliposimama aliyumba kama mlevi. Sasa tunaweza kueleza sababu yake. Dawa ile ilikuwa imeleta uvimbe uliofika ndani kabisa, mpaka kwenye kile kiungo cha kutuwezesha kusimama. Hume aliona mara moja kwamba uhai wenyewe ulikuwa hatarini, kwa kuwa kutoka sikio la ndani hadi ubongo si mbali. Akamtibu kwa bidii, na maisha yakaokoka. Sikio la kushoto halikuokoka. Kishindo kilikuwa kimelijeruhi, na tiba ikaliua.

Habari zikamfikia yule mganga. Alikuja akiwa na huzuni kubwa na hofu ya kupoteza riziki yake, maana ni nani angemwita tena baada ya kujua amemharibu sikio shujaa wa taifa? Wellington hakumkemea. Alimwambia kwamba anajua alitenda kwa nia njema, na kwamba yeye hatamtangaza kwa mtu yeyote. Mganga akapata moyo, akaomba aruhusiwe kuendelea kuingia katika nyumba ile, watu wamwone na wadhani bado anaaminiwa. Hapo Lodi akakataa, kwa upole lakini kwa nguvu, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kusema uongo. Sisi tunaona mambo mawili yamesimama pamoja hapo. Alimsamehe mtu kabisa, na hakukubali kumpa sikio lake mara ya pili.

Alikuwa hajapona vizuri alipotakiwa kufunga safari. Waziri wa mambo ya nchi za nje alikuwa amejiua mwezi ule ule wa Agosti, na Wellington akatumwa kushika nafasi yake katika mkutano wa wafalme huko Verona, Italia. Alikwenda akiwa dhaifu. Tangu hapo aliyetaka kuzungumza naye ilimpasa akae upande wake wa kulia.

Watu wengi wakipoteza usikivu hujiondoa katika shughuli za watu. Yeye hakujiondoa. Mwaka 1828 akawa Waziri Mkuu, na mwaka 1829 akapitisha sheria iliyowaruhusu Wakatoliki kuingia Bungeni, jambo lililowaudhi marafiki zake wengi. Aliondoka madarakani mwaka 1830. Mwaka 1842 akashika tena cheo cha Jemadari Mkuu wa jeshi, akabaki nacho mpaka kufa. Aliandika barua kwa mkono wake bila kuchoka, akijibu hata watu asiowajua. Twaweza kuelewa faraja ya kalamu kwa mtu kama huyo, kwani karatasi haihitaji sikio. Na alipokuwa London alihudhuria sala za asubuhi na mapema katika kanisa dogo la mfalme la St James's, mara nyingi waumini wakiwa wachache sana.

Lakini miaka ilimpunguzia na sikio lililobaki. Mwezi wa Februari 1852, akiwa na miaka 82, alikuwa ameketi katika Bunge la Malodi wakati Waziri Mkuu mpya, Lodi Derby, alipokuwa akimtajia majina ya mawaziri wake. Wengi wao walikuwa wageni katika kazi hiyo. Mzee hakuyasikia majina, na yale aliyoyasikia hakuyajua. Kila jina lilipotajwa aliuliza ni nani huyo, tena kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watu wasiojisikia wenyewe. Nyumba nzima ikasikia. Kwa ajili hiyo serikali ile ikabandikwa jina la utani, Serikali ya Nani-Nani, na jina hilo limebaki katika vitabu vya historia mpaka leo. Kwa miaka mingi watu wamecheka wakisimulia kisa hicho, na mara nyingi wanawacheka wale mawaziri. Sisi tukikisoma tunamwona mzee mwanajeshi, mkono umezunguka sikio au haukuzunguka, akijitahidi kufuata mambo ya nchi yake, na hakuna jirani aliyeinama upande wa kulia kumweleza polepole.

Alifariki tarehe 14 Septemba 1852 katika ngome ya Walmer. Mwili wake uliwekwa siku kadhaa katika Hospitali ya Kifalme ya Chelsea, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya askari wazee, ili watu waje kumuaga. Tarehe 18 Novemba akazikwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, mbele ya maelfu ya watu.

Je, wenye masikio mabovu walipata msaada wa kweli lini? Ulikuja polepole. Katika miaka ile ile ya uzee wa Wellington, tabibu mmoja wa London, Joseph Toynbee, alikuwa akipasua na kuchunguza masikio ya maiti, mamia kwa mamia, ili kazi hii iondoke katika kubahatisha na kuwa elimu. Mwaka 1866 alikufa akijijaribia mwenyewe dawa za kuvuta kwa pua, akitafuta tiba ya ule mvumo wa masikio unaowatesa watu usiku na mchana. Mjini Dublin William Wilde alifanya kazi kama hiyo, akaandika kitabu chake mwaka 1853. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilitenga hospitali maalumu kwa askari waliopoteza usikivu. Huko walipimwa, wakapewa vifaa vya kusikilizia, na wakafundishwa kusoma midomo ya msemaji. Kutokana na kazi hiyo likakua tawi zima la elimu ya kupima na kusaidia usikivu. Huko Uingereza, mpango wa afya wa taifa ulipoanza mwaka 1948, vifaa vya kusikilizia vilitolewa bure. Na hata leo, katika orodha ya madhara ambayo askari wastaafu wa Marekani hulipwa fidia, mvumo wa masikio ndio unaoongoza, na upungufu wa kusikia uko miongoni mwa madhara ya juu.

Nasi tusidhani hayo ni mambo ya mbali. Baba zetu walipigana Burma mwaka 1944 katika kikosi cha King's African Rifles. Wenye umri wetu walikwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, ambako yalirushwa yale makombora yaliyoitwa Saba Saba, na aliyekuwa kijana wakati ule sasa ni babu. Akigeuza kichwa kila anaposemeshwa, akiwasha redio mpaka majirani wanalalamika, akiacha kuja mikutanoni kwa kisingizio cha miguu, huenda miguu ni mizima na tatizo ni sikio.

Mzee wa namna hiyo afanye nini? Asimimine chochote sikioni, si mafuta ya moto, si maji ya majani, si dawa ya rafiki. Asichokoe kwa kijiti. Kisa cha Wellington kinatosha kuonya. Aende hospitali, na akipewa barua aende hospitali ya rufaa, kwenye idara ya masikio, pua na koo. Kuna uziwi unaotokana na nta au usaha, nao waweza kutibiwa. Usikivu ukipotea ghafula, kwa siku moja au mbili, asingoje juma lipite, kwa sababu siku za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kuponya. Ule unaotokana na mizinga haurudishwi, lakini kifaa cha kusikilizia, ambacho wengine hukiita shimesikio, humsaidia mtu sana. Akikipata avumilie, kwani majuma ya kwanza kila kitu kitampigia kelele, hata vijiko na milango, mpaka ubongo uzoee. Na akieleze waziwazi chanzo chake, kwamba alikuwa askari, ili kiandikwe.

Na sisi wengine tuna sehemu yetu. Darasani mtoto asiyesikia vizuri tulimweka dawati la mbele, uso wa mwalimu ukiwa kwenye mwanga. Kanisani yaweza kufanyika vivyo hivyo. Benchi la mbele liachwe kwa wazee, msomaji wa somo asome polepole akiinua uso, na matangazo ya ibada yaandikwe na kubandikwa mlangoni. Tukisema na mzee tusipige kelele, kwani kelele huharibu maneno. Tumtazame usoni, tuseme wazi, na akiuliza ni nani tumjibu mara ya pili bila kucheka. Kabla ya hayo yote tumwulize swali moja, sikio lake zima ni lipi, kisha tukae upande huo.